Sura ya Saba: Kadi Imekufa, au Kompyuta Imechelewa?

Swali ninaloulizwa kuliko yote tangu nianze kuhudumia kompyuta za studio ni hili: "Mbona nikifungua YouTube sauti inatoka safi, lakini nikifungua programu ya kurekodia inakwaruza, au inanyamaza kabisa?" Anayeuliza kwa kawaida ameshatoa hukumu yake kwamba kadi imekufa. Wengine huja kwangu wakiwa wameshapita Kariakoo kununua nyingine.

Mmoja wao alikuwa prodyuza kijana wa Mbagala. Chumba chake cha kazi kina ukubwa wa kitanda na meza, ukutani kabandika trei za mayai, na dirishani kaning'iniza blanketi zito. Aliniwekea mezani saundi kadi mbili, ya zamani na mpya. "Braza," aliniambia, "hii ya pili nimeuza simu kuipata, na yenyewe inakwaruza vilevile."

Alikuwa ameshanipa jibu bila kujua. Kadi mbili tofauti zikikwaruza kwa namna ileile kwenye kompyuta ileile, uwezekano wa kwamba zote ni mbovu ni mdogo sana. Kilichobaki ni kompyuta na vilivyomo ndani yake. Nitaeleza tulichokikuta, ila kwanza tujue nani anafanya kazi gani humo ndani.

## Draiva ni nani?

Saundi kadi ni kifaa kinachogeuza sauti ya maikrofoni kuwa namba, kisha kugeuza namba hizo kuwa sauti tena kwenye spika au hedifoni. Inaweza kuwa chipu iliyomo ndani ya laptopu, au kisanduku cha nje kinachochomekwa kwa waya wa USB. Wanamuziki wengi hutumia kisanduku, na sura hii inahusu hicho zaidi.

Draiva ni programu ndogo inayosimama katikati ya kadi na kompyuta. Programu ya muziki, iwe FL Studio, Cubase au nyingine, haijui lolote kuhusu kadi yako. Inachojua ni kusema "nipe sauti iliyoingia" na "chukua sauti hii uitoe". Draiva huzipokea amri hizo na kuzitafsiri kwa lugha ambayo kadi ile inaielewa. Ni mkalimani. Mkalimani akiwa hayupo, wazungumzaji wawili wazima wa afya hawatasikilizana. Akiwapo lakini akichelewa kila sentensi, mazungumzo yatakwenda kwa kukatika-katika.

Kadi nyingi huja na draiva iliyotengenezwa na kiwanda chake. Nyingine zimeundwa kwa kufuata kanuni ya pamoja ya vifaa vya sauti vya USB, kwa hiyo mfumo wa kompyuta huzitambua bila kusakinisha kitu. Mac zilikuwa na uwezo huo mapema. Windows ilikuwa na draiva ya kanuni ya kwanza tu kwa miaka mingi, na ya kanuni ya pili iliingizwa ndani ya Windows 10 mwaka 2017. Ndiyo maana kadi hiyohiyo inaweza kuwaka kwenye Mac ya rafiki yako mara tu ikichomekwa, na kwenye laptopu yako yenye Windows ya zamani ikatazama tu.

## Fundi, saidia fundi na karai mbili

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, kwa hiyo tusiharakishe.

Fikiria nyumba inajengwa. Fundi yuko juu ya jukwaa anajenga ukuta, na saidia fundi yuko chini anachanganya mota. Wana karai mbili. Fundi anapomaliza mota ya karai moja, saidia fundi anajaza ya pili. Zikibadilishana kwa wakati, mwiko hausimami. Saidia fundi akichelewa kidogo tu, fundi anageuka, anakuta karai tupu, na ukuta unabaki na pengo.

Saundi kadi ni fundi asiyemsubiri mtu. Kwa kiwango cha kawaida cha CD, inatumia namba 44,100 kila sekunde kwa kila upande wa spika. Kila namba huitwa sampuli, yaani kipimo kimoja cha sauti kwa kipande kidogo sana cha muda. Kompyuta ni saidia fundi, na karai ndiyo bafa, yaani akiba ndogo ya sampuli inayojazwa na kumwagwa bila kukoma. Ule mkwaruzo unaousikia, ule "tk, tk, tk" kwenye hedifoni, ni fundi kukuta karai tupu. Sauti haikuharibika mahali popote. Imechelewa kufika.

Sasa swali la YouTube linajibika. Unapotazama video, kompyuta inajiwekea akiba ya sekunde kadhaa mbele, kama saidia fundi aliyejaza pipa zima tangu asubuhi. Hata akienda kunywa chai, fundi ana mota ya kutosha. Kwenye kurekodi mambo ni tofauti. Msanii anaimba sasa na anataka kujisikia sasa, na huwezi kuweka akiba ya sauti ambayo haijaimbwa. Kila karai lazima ijazwe na kuwasilishwa papo hapo.

Basi karai iwe na ukubwa gani? Ikiwa ndogo, sauti inafika haraka lakini saidia fundi anakimbia bila kupumua. Ikiwa kubwa, anapumua, ila sauti inachelewa. Kuchelewa huko wenye studio wanakuita latensi, na unaweza kukupigia hesabu mwenyewe: gawa idadi ya sampuli za bafa kwa 44,100. Kwa njia ya kutokea peke yake utapata hivi:

- sampuli 64: milisekunde 1.5
- sampuli 128: milisekunde 2.9
- sampuli 256: milisekunde 5.8
- sampuli 512: milisekunde 11.6
- sampuli 1,024: milisekunde 23.2

Milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde. Katika hewa ya joto kama ya Dar es Salaam, sauti husafiri takriban sentimita 35 kwa milisekunde moja. Bafa ya sampuli 1,024 ni sawa na kumsikia mpiga ngoma aliyesimama mita nane kutoka kwako. Na sauti ya msanii inapita bafa mara mbili, kuingia na kutoka, pamoja na akiba nyingine ndogo ambazo draiva hujiwekea kimyakimya.

Kwenye wimbo wa taratibu mtu anaweza kuvumilia. Kwenye singeli haiwezekani. Biti ya mapigo 200 kwa dakika ina milisekunde 300 kati ya pigo na pigo, na robo ya pigo ni milisekunde 75. MC akijisikia kwa kuchelewa milisekunde 25, theluthi nzima ya robo hiyo imeshaliwa. Nimewaona vijana hodari wakirudia ubeti mara kumi na tano na kuambiwa hawana mdundo, wakati kosa lilikuwa kwenye namba moja ya mpangilio. Jambo hili linaniuma, maana msanii hurudi nyumbani akiamini kwamba hajui kuimba.

*Kwa ufupi: mkwaruzo ni karai tupu, latensi ni karai kubwa. Unaporekodi sauti weka bafa ndogo, 128 au 256. Unapochanganya wimbo uliokwisha kurekodiwa weka kubwa, 512 au 1,024, kwa kuwa hapo hakuna anayeimba.*

## Barabara za sauti ndani ya Windows

Fungua mipangilio ya sauti ya programu yako ya muziki, mahali pa kuchagua draiva. Utakuta majina yanayotisha bila sababu: MME, DirectSound, WASAPI, ASIO. Hizo ni barabara tofauti za kufika kwenye kadi.

MME ni ya tangu 1991, enzi ambazo kompyuta kutoa sauti yoyote ilikuwa habari. Bado ipo na bado inafanya kazi, lakini ni barabara ya mzunguko. WASAPI ilikuja na Windows Vista na ni fupi zaidi. ASIO ilitolewa mwaka 1997 na Steinberg, kampuni ya Ujerumani inayotengeneza Cubase, kwa lengo moja: kuipitisha sauti kandokando ya kichanganyio cha Windows ili programu ya muziki izungumze na draiva ya kadi moja kwa moja. Kwa kurekodi kwenye Windows, chagua ASIO iliyoandikwa jina la kadi yako.

Na ASIO4ALL je? Hii ni draiva ya bure inayovaa sura ya ASIO ilhali chini yake inatumia draiva za kawaida za Windows. Imewasaidia maelfu ya watu wenye laptopu tupu kuanza muziki, na kwa mtu asiye na kadi ya nje naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini aliyenunua kadi yenye draiva yake halafu akaendelea kutumia ASIO4ALL kwa mazoea, anamwacha mkalimani aliyemlipa na kumtumia mpita njia. Mara nyingi nikibadilisha hilo peke yake, nusu ya malalamiko huisha.

Jambo la kujua mapema: baadhi ya draiva za ASIO hukubali programu moja tu kwa wakati. Ukifungua programu ya muziki, kivinjari kinakuwa bubu. Ukianza na kivinjari, programu ya muziki inakwambia kifaa kinatumika. Funga vyote, fungua programu ya muziki kwanza.

Wenye Mac wana barabara moja, Core Audio, iliyojengwa ndani ya mfumo wenyewe. Shida yao huja pale mfumo unapopandishwa toleo jipya na draiva ya kadi ya zamani ikabaki nyuma. Soma ukurasa wa kiwanda cha kadi yako kabla ya kukubali toleo jipya, na usipandishe chochote katikati ya albamu.

## Tulichokikuta Mbagala

Turudi kwa yule kijana. Draiva ilikuwa sahihi, ASIO ya kadi yake. Bafa ilikuwa 256, ya kawaida kabisa. Kipimo cha kazi cha kompyuta kilionyesha asilimia 30. "Si unaona?" akasema. "Haijachoka hata kidogo."

Kipimo kile huwadanganya wengi. Kinaonyesha wastani wa kazi kwa sekunde nzima, wakati saidia fundi anaweza kuwa amekaa bure sehemu kubwa ya sekunde na bado akachelewa karai moja. Kinachotakiwa kujulikana ni kama kuna mtu anamwita pembeni.

Ndani ya Windows draiva zote, za mtandao, za skrini, za betri, zina ruhusa ya kusema "nihudumie mimi sasa hivi". Kila moja inapohudumiwa, nyingine zinasubiri. Ikiandikwa vizuri, inamaliza haja yake upesi sana. Ikiandikwa vibaya, inashikilia mlango kwa milisekunde kadhaa, na kwa bafa ya milisekunde 5.8 huo ni mkwaruzo. Ni kama jirani anayemwita saidia fundi aje amsaidie kushusha mzigo wa lori.

Kuna programu iitwayo LatencyMon, ya bure kwa matumizi ya nyumbani, inayowataja majirani hao kwa majina. Iache ikimbie dakika kumi huku muziki unapiga, kisha tazama draiva ipi imeshikilia mlango muda mrefu kuliko nyingine.

Kwa yule kijana ilikuwa draiva ya Wi-Fi. Tulizima Wi-Fi nikamwambia apige biti yake nzito kuliko zote. Alivaa hedifoni, akafumba macho, akasikiliza wimbo mzima hadi mwisho, kisha akaurudisha mwanzo na kuusikiliza tena. Alipozivua aliniuliza swali moja tu: kama ile kadi ya kwanza nayo ilikuwa nzima. Tuliichomeka. Ilikuwa nzima.

Baadaye tulimpatia draiva mpya ya Wi-Fi kutoka kwa watengenezaji wa laptopu yake na tatizo likapungua sana, lakini mpaka leo anapoingiza sauti anazima mtandao. Nami nakushauri hivyo. Hakuna wimbo unaohitaji Wi-Fi wakati unaimbwa.

Majirani wengine ninaowakuta mara kwa mara ni hawa:

- Mpango wa kuokoa umeme. Laptopu ikiwa kwenye betri hupunguza mwendo wake. Chomeka chaja, na kwenye mipangilio ya umeme chagua ufanisi wa juu. Hapohapo zima kile kinachoruhusu Windows kuilaza milango ya USB isipotumika.
- Kigawio cha USB. Kadi, kibodi ya muziki, flashi na feni ndogo vyote kwenye tundu moja ni kuomba shida. Kadi ipate tundu lake kwenye kompyuta yenyewe, kwa waya mfupi.
- Joto.

Hili la joto hulikuti kwenye vitabu vya wenzetu wa nchi za baridi. Studio zetu nyingi za chumbani hufungwa madirisha kuzuia bajaji na mahubiri ya jirani, na feni huzimwa msanii anapoimba ili isiingie kwenye maikrofoni. Baada ya nusu saa chumba ni tanuri. Kompyuta ikipata moto kupita kiasi hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue, na karai zinaanza kuchelewa. Ndiyo maana watu huniambia kompyuta yao "inaanza vizuri, inaharibika kwenye ubeti wa tatu". Inua laptopu juu ya vipande viwili vya mbao ipate hewa chini, safisha vumbi la feni yake ya ndani, na kati ya ubeti na ubeti fungua mlango.

## Inapokuwa kimya kabisa

Kimya ni rahisi kuliko mkwaruzo, kwa sababu kimya hakibadilikibadiliki. Fuata njia ya sauti kuanzia mwisho kurudi mwanzo, na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na ikapona, hutajua dawa ilikuwa ipi, na wiki ijayo utarudi palepale.

Anza na hedifoni kwenye tundu la kadi yenyewe, sauti juu. Kisha waya wa USB: jaribu mwingine, maana zipo nyaya za kuchajia simu ambazo hazipitishi data kabisa, na kwa macho hutazitofautisha. Taa ya kadi itawaka na bado kompyuta haitaiona.

Halafu fungua orodha ya vifaa vya Windows, iitwayo Device Manager. Kadi ikiwa na alama ya njano, bofya mara mbili usome namba ya kosa. Namba 28 maana yake draiva haijasakinishwa. Namba 10 maana yake kifaa kimeshindwa kuanza. Chomoa, zima kompyuta, washa, chomeka tundu jingine. Namba 52 maana yake Windows haiwezi kuthibitisha saini ya kidijitali ya draiva, yaani muhuri wa kuonyesha imetoka kwa nani na haijachezewa. Mara nyingi hiyo ni draiva ya zamani, au iliyopakuliwa mahali pasipo pake. Usiizime kinga hiyo kwa sababu ya draiva uliyotumiwa na mtu kwenye WhatsApp. Nenda tovuti ya kiwanda.

Kadi ikionekana vizuri lakini maikrofoni haiingizi kitu, tazama mipangilio ya faragha. Windows na Mac za sasa zina mpangilio wa kuruhusu au kuzuia programu kutumia maikrofoni, na ukiuzima kwa haraka siku ya kwanza, programu itarekodi kimya miezi yote inayofuata bila kulalamika.

## Wimbo unapokuwa mzito

Mwalimu wa kwaya mmoja aliletewa wimbo wake kutoka studio akakaa kimya, kisha akamwambia fundi mitambo: "Mwanangu, hawa si waimbaji wangu. Soprano zangu hazikai chini hivi." Alikuwa sahihi. Wimbo ulirekodiwa kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, kiwango cha kazi za video, kadi ikawa imewekwa kwenye 44,100. Kadi, yule fundi wetu wa karai, ilikuwa inazila zilezile namba kwa mwendo mdogo zaidi. Wimbo wa dakika nne ulirefuka kwa sekunde 21 hivi, na sauti zote zilishuka karibu nusu-toni moja na nusu.

Hapo hakuna kilichoharibika. Fungua kidirisha cha draiva, weka namba inayolingana na ya mradi, na uangalie pia mipangilio ya sauti ya Windows, kwa kuwa programu nyingine inaweza kuirudisha kadi kwenye kiwango kingine bila kukuarifu.

## Kuondoa draiva na kuirudisha

Ukijiridhisha kwamba draiva yenyewe imevurugika, labda kompyuta ilizimika umeme ulipokatika katikati ya sasisho, iondoe kabisa kabla ya kuweka mpya. Kuweka mpya juu ya mabaki ni kupaka rangi juu ya ukungu. Mpangilio ni huu:

1. Pakua draiva sahihi kwanza, ya modeli na toleo la kadi yako. Kadi zenye jina moja huwa na vizazi tofauti. Namba iko kwenye kibandiko cha chini.
2. Chomoa kadi. Ondoa draiva kupitia orodha ya programu. Washa kompyuta upya.
3. Sakinisha draiva mpya kadi ikiwa bado imechomolewa, isipokuwa maelekezo ya kiwanda yakisema vingine. Chomeka pale tu unapoambiwa.
4. Washa upya tena, fungua programu ya muziki, chagua ASIO ya kadi, weka bafa 256, rekodi dakika tano za majaribio.

Na ikikubali, kabla hujamwita msanii yeyote, nakili faili la usakinishaji wa draiva hiyo kwenye flashi. Kiwanda kinaweza kulitoa toleo hilo kwenye tovuti yake, na siku sasisho litakapolivuruga utalihitaji usiku, bando likiwa limeisha. Kijana wa Mbagala flashi yake ameifunga kwa uzi kwenye mguu wa meza. Ukutani, kati ya trei mbili za mayai, amebandika kipande cha karatasi chenye toleo la draiva, bafa 256, kiwango 48,000, na neno moja kwa herufi kubwa: WI-FI. Kadi ya pili ameiuza, akanunua maikrofoni.